Chafya ya Arap Kofia

Wiki iliyopita nilikuwa Bomet, kwenye kibanda cha kutoa kopi, nimeshika bahasha yenye vyeti vyangu, nikiwaza kama rangi ya bahasha hiyo itamfanya mtu wa ofisini anione si makini. Nilikuwa nimeshawaza hivyo tangu nyumbani. Ndivyo nilivyo, chuo kikuu kilinipa digrii lakini hakikunipunguzia mawazo. Mwenye kibanda alikuwa akichaji betri ya gari nyuma ya mlango, na nilipoinama kuokota sarafu harufu ya asidi ikanipata puani, ile harufu kali ya chuma na kitu kama yai bovu. Bahasha ikanitoka akilini papo hapo.

Kama ulikulia katika nchi ya chai miaka ile ya tisini, kabla stima haijatufikia, unaijua harufu hiyo. Ni harufu ya Jumamosi.

Kwetu ni upande wa Sosiot. Baba alikuwa karani kwenye kituo cha kununua chai, na televisheni yetu aliinunua kwa mfanyakazi mmoja wa kiwanda aliyestaafu akarudi kwao ziwani. Ilikuwa ndogo, isiyo na rangi, na mgongo wake ulipopata moto vumbi la ndani lilinuka kama nywele zilizokaribia jiko. Betri ilikaa chini ya meza, imefunikwa gunia ili kuku wasiidonoe. Eriali tuliifunga kwenye mti mrefu wa mkaratusi uliosimikwa nyuma ya jikoni, na kila Jumamosi mtu mmoja alibaki nje kuuzungusha.

"Imeshika?"

"Bado!"

"Sasa?"

"Imekuja! Imekuja! Aa, imeenda! Rudisha pale ilikuwa!"

Mwenye mkono mzuri wa eriali alikuwa Akinyi. Baba yake alitengeneza mashine katika kiwanda cha chai kilichokuwa ng'ambo ya bonde, na waliishi kwenye nyumba za wafanyakazi. Akimaliza kufua sare yake ya shule alikata njia katikati ya chai yetu, akatokea kwetu na sketi iliyolowa umande mpaka magotini. Nyumbani tuliongea Kikipsigis, lakini Akinyi akiingia sote tuligeukia Kiswahili, hata Gogo, mama yake baba, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na hakikumwonea haya mtu.

Tulichokuwa tukingoja kilikuwa hadithi ya wanaume wawili wapanda farasi katika nchi kavu isiyo na hata mche mmoja wa chai. Waliongea Kiingereza cha puani. Baba ndiye aliyekuwa mkalimani wetu, na leo najua kwamba hakuwa anaelewa zaidi ya sisi. Mtu akitoa hotuba ndefu, Baba alisema, "Anasema ng'ombe wameenda upande ile." Mwingine akijibu kwa neno moja, Baba alikohoa, akatueleza kwamba anasema dunia imeharibika, watu hawana heshima, na watoto wanafaa kusoma kwa bidii.

Majina yao hatukuyashika, kwa hiyo tukawapa yetu. Yule mrefu tulimwita Arap Kofia, mwana wa Kofia, kwa sababu apigwe, aanguke, avuke mto, kofia haikumtoka kichwani. Mwenzake mfupi alitafuna kijiti wakati wote, kama mtu aliyetoka kula nyama ya harusi, kwa hiyo akawa Kijiti. Walifanya kila kitu pamoja. Mmoja akiingia mahali, mwingine alisimama mlangoni. Mmoja akilala, mwingine alikaa macho karibu na moto. Sikuwa nimewahi kuona watu wazima wawili, wasio wa tumbo moja, wakipendana hivyo bila kusema.

Gogo aliketi kwenye kigoda chake na kuwatathmini kwa kipimo kimoja tu.

"Ng'ombe zote hizi, na hakuna hata mtu moja anakamua?"

"Gogo, hizo ni za nyama," Baba alimwambia.

"Za nyama! Na ndama zinanyonya nini? Moshi?"

Lakini Arap Kofia, Gogo alimheshimu. Siku moja alimwona akishuka mtoni, akasimama kando na kumwacha farasi anywe kwanza, ndipo akainama naye. "Huyo alilelewa," Gogo akasema, na kwake hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo. Kuhusu Kijiti alisema, "Huyo walimlisha tu."

Jumapili hadi Ijumaa, Arap Kofia nilikuwa mimi na Kijiti alikuwa Akinyi. Jina hilo alilichagua mwenyewe. "Mimi nataka kuwa yule anaishi," aliniambia. "Huyo wako anapenda kujitafutia shida." Farasi wetu walikuwa fito za mianzi, na nchi yetu kavu ilikuwa ile sehemu ya chai iliyokatwa chini kabisa ili ichipuke upya, ambapo vijiti vilivyobaki vilitukwaruza vigimbi vya miguu. Sheria yetu ilikuwa moja: hakuna kumwacha mwenzako. Akinyi alipozamisha kiatu kwenye mtaro, tulikitafuta pamoja mpaka ng'ombe wakaingia kwenye mahindi ya jirani, na tukachapwa pamoja, yeye kwao, mimi kwetu, kwa kosa lile lile.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo Arap Kofia alipigwa risasi.

Alikuwa juu ya mwamba. Alishika kifua, akayumba, akaanguka, na kwa mara ya kwanza kofia ikamtoka. Ilishuka peke yake polepole. Kijiti akaikimbilia, akaiokota, akaibana kifuani, akatoa kile kijiti mdomoni. Na hapo picha ikaanza kujikunja pembeni, kama jani la chai linaponyauka. Ikawa ndogo kama kisanduku cha kiberiti, kisha doa jeupe katikati ya kioo, kisha giza.

"Betri," Baba akasema.

Akinyi aliingia kutoka nje. "Mbona mmenyamaza? Nizungushe?"

"Arap Kofia amekufa," nikamwambia.

Hakuna aliyenisahihisha. Labda nao waliamini hivyo, au walikuwa wakiwaza habari ya betri. Fundi wa Sosiot alipoifungua alisema nayo imekufa kabisa, haiwezi kushika moto tena, na Baba akasema betri mpya itangoja bonasi ya chai. Bonasi ilikuwa ya mwisho wa mwaka. Wakati huo mvua kubwa ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Nilimlilia mtu yule kama jamaa. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakuwa na watu. Kwetu mtu akifa watu hujaa boma, wakatoka na kuingia, wakakaa siku nyingi. Yeye alikuwa na Kijiti peke yake.

Mvua ikiwa bado inanyesha, Mama akajifungua mvulana hospitalini, kwa kupasuliwa. Alipofika nyumbani, Gogo akawaita wanawake wa ukoo asubuhi moja kwa ajili ya kurenet, kuliita jina. Sisi ni Wakristo. Mtoto angebatizwa, na angepata jina la kanisani na jina la saa aliyozaliwa. Lakini hili lilikuwa jina la roho. Mchungaji hakualikwa, wala hakuambiwa. Gogo, aliyeimba kwenye kwaya kila Jumapili, hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili.

Nilikaa miguuni pa Senge Rael, dada yake Baba, mwanamke mwenye ulimi mkali na mapaja laini ya kulalia. Gogo alimpakata mtoto, akamkaribishia puani chembe ya ugoro, akaanza kutaja majina ya waliokufa wa ukoo wetu, mmoja baada ya mwingine. Yule ambaye jina lake litamfanya mtoto apige chafya, huyo ndiye aliyeamua kurudi.

"Kwa nini hawaiti Baba?" nilimnong'oneza Senge.

"Baba yako ako hai, wewe. Mtu atakaa aje mahali mbili?"

Gogo akataja baba mkwe wake. Kimya. Akataja ndugu zake wote. Akataja mume wake, na sauti ikamlainika kidogo, akangoja zaidi ya alivyowangojea wengine. Mtoto akapiga miayo. Wanawake wakaanza kukumbushana watu wa zamani sana, mpaka mzee fulani aliyekuwa akikumbukwa kwa kuanguka kutoka kwenye mzinga wa nyuki.

"Hii ina pua ya chuma," Senge akasema.

Majina yalikuwa yamekwisha. Nami nikawaza, kwa uwazi ambao sijaupata tena katika mtihani wowote, kwamba yuko mtu mmoja aliyekufa na hakuna aliyemwita, na hataitwa popote, kwa sababu hana ukoo.

"Arap Kofia!" nikasema.

Mtoto akapiga chafya. Haikuwa ya kubahatisha. Ilimtikisa mpaka vidole vya miguu.

Wanawake wawili wakapiga vigelegele kabla hawajafikiri, kisha wakakatisha. Wote wakaniangalia.

"Huyo ni wa mlango gani wa ukoo?" mmoja akauliza.

"Ni wa televisheni," nikasema. "Alipigwa risasi."

"Mzungu!" Senge akaruka. "Mama, mtoto wa ndugu yangu amekuwa mzungu!"

Kitandani Mama alikuwa akicheka na kulia pamoja, ameshika tumbo. "Mniache, nyuzi zangu zitakatika!"

"Turudie," Senge akasema. "Hiyo ilikuwa ugoro tu."

Gogo alimtazama mtoto kwa muda. Nafikiri alikuwa akimkumbuka yule mtu kando ya mto, farasi akinywa. "Chafya hairudishwi puani," akasema. "Leteni maziwa."

Basi mdogo wangu akawa Arap Kofia nyumbani mwetu. Nilifurahi kiasi cha kushindwa kula. Akinyi alipokuja kumwona alimchunguza kama daktari. "Ni yeye," akaamua. "Angalia vile anakunja macho." Tatizo lilibaki moja, kwamba sasa mimi nilikuwa nani? Kama Arap Kofia mwenyewe alikuwa humu ndani akinyonya, nisingeweza kuendelea kuwa yeye kwenye chai. Tuliliwaza sana. Mwishowe Akinyi akasema sote wawili tuwe Kijiti mpaka mtoto akue, na miezi ile yote tulipanda fito zetu tukiwa Kijiti na Kijiti, tukimlinda. Mvua ya mawe ilipopiga paa alasiri, tulikimbia kumwimbia ili asishtuke. Nilimwita jina lake tangu anapoamka hadi anapolala, maana niliona ni heshima kwa mtu aliyetoka mbali hivyo.

Bonasi ikatoka. Baba akarudi kutoka Sosiot na betri mpya, na Jumamosi ile tulikaa mapema kama wageni wa harusi. Mama alimpakata mtoto. Akinyi alikuwa nje.

"Imeshika?"

"Imeshika!"

Farasi wawili walikuwa wakija kutoka mbali. Kwenye wa kwanza alikuwa Kijiti. Kwenye wa pili, mrefu, mzima, kofia kichwani, akicheka, alikuwa yeye.

"Kumbe huyu jamaa hakufa!" Baba akapiga paja. Mama naye akacheka. Gogo hakucheka. Alinitazama, nami nikamtazama mtoto.

Miaka mingi baadaye ilinijia kwamba huenda wale wa stesheni ya televisheni walikuwa wakirudia hadithi ya zamani tu, ya kabla ya kuanguka kwake. Rafiki yangu wa chuo aliniambia siku hizi mtu anaweza kuandika swali lolote kwenye kompyuta na kujibiwa. Niliketi mbele ya mashine, nikaandika nusu ya swali, nikalifuta. Hadi leo sijui kama alikufa. Lakini siku ile nilijua jambo moja, kwamba walio hai hawaitwi. Mtu hawezi kukaa mahali pawili. Kama yeye alikuwa kule juu ya farasi, basi ndani ya mdogo wangu hakukuwa na mtu. Au alikuwemo, na ameshatoka kwenda kuendelea na safari yake.

Wiki hiyo mtoto akaanza kukohoa. Kufikia katikati ya juma kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka haraka, na mbavu zikionekana. Baba na Mama walimfunga kwenye blanketi mbili, wakapanda lori la chai kwenda hospitalini Kericho. Nyumbani tukabaki mimi na Gogo, na Senge Rael aliyekuja kutupikia.

Akinyi alikuja kila siku baada ya shule. Tulikaa kwenye ukingo wa mtaro bila kucheza.

"Labda wako wawili," akasema. "Moja wa huko, moja wa hapa."

"Senge alisema haiwezekani."

"Senge yako anajua televisheni?"

Hilo lilinipa nafuu kwa muda wa kutoka mtaroni hadi zizini. Gogo alikuwa akikamua. Ng'ombe yule alikuwa hampi maziwa mtu mwingine, na Gogo alipomkamua kila mara alimwimbia chinichini. Jioni ile hakuwa akiimba.

"Gogo, yule mtu ako hai."

"Nilimwona."

"Sasa mtoto wetu ana jina ya nani?"

Mikono yake ikasimama, ikaanza tena, lakini kibuyu hakikutoa sauti yoyote. "Nyamaza kwanza," akasema. "Ng'ombe ameficha maziwa." Ng'ombe huficha maziwa anapoona mkono wa mtu hauna amani, hilo nilishaambiwa. Ndipo nilipojua kwamba na yeye anaogopa, na nikaogopa mara mbili.

"Akirudi tutamwita tena," Gogo akasema.

"Na asiporudi?"

"Nimesema akirudi."

Alirudi. Walimleta siku ya jua, amekonda shingo, lakini macho yake yalikuwa safi na alikuwa akiangalia kila kitu kana kwamba anahesabu kama vyote vipo. Gogo hakumpa hata Mama nafasi ya kuvua viatu.

"Mama, daktari amesema ilikuwa kifua," Baba akamwambia Gogo mlangoni. "Baridi tu."

"Daktari ametibu kifua. Jina atatibu nani?"

"Lakini ugoro, hapana," Mama akasema, na sauti yake haikuwa ya kubembelezwa. "Hakuna ugoro kwa hii kifua."

Gogo akafikiri, akaurudisha ugoro kwenye nguo yake. "Wakitaka kuja watakuja bila."

Akampakata, akaanza. Baba mkwe. Ndugu. Mume wake, tena kwa ile sauti. Mtoto alitazama mwanga wa mlangoni. Senge alikumbusha yule wa mzinga wa nyuki. Mtoto akanyonya ngumi yake. Wote wakapita mbele yake kama watu wasiomhusu. Gogo akaishiwa, akainua kichwa.

"Wewe," akaniambia. "Wewe ndiye ulimleta. Muite."

Sikuweza. Nilikuwa nimeshazipima njia zote mbili na zote zilikuwa mbaya. Akipiga chafya, amebeba jina la mtu aliye hai, na mwenyewe anaweza kulijia wakati wowote. Asipopiga, hana mtu ndani, na kikohozi kinajua njia ya kurudi. Nilisimama pale nikitamani Jumamosi ile betri isingekufa, au isingenunuliwa nyingine.

Kidole kikanichoma mgongoni. Akinyi alikuwa amesimama nyuma yangu, mlangoni.

"Ita," akasema. "Niko hapa."

"Arap Kofia," nikasema.

Hakupiga chafya. Alitoa ngumi mdomoni. Akageuza kichwa kutoka kwenye mwanga, taratibu, akanitafuta kati yetu sote, akaniona. Akacheka kwa ufizi mtupu, kama mtu aliyesikia mwenzake anabisha hodi.

Kisha Akinyi, kutoka mlangoni: "Arap Kofia!" Kichwa kikamgeukia yeye.

"Ameitika," Gogo akasema.

"Lakini mwenyewe ako hai, Mama!" Senge akalalamika. "Mlimwona kwa televisheni!"

"Basi wako hai wote wawili. Unataka nimuue nani?"

Baba akacheka kwanza, halafu Mama, halafu Senge mwenyewe, aliyejaribu kujizuia na kushindwa. Gogo alimrudishia Mama mtoto, akatoka nje, na muda si mrefu tukamsikia zizini akimwimbia ng'ombe.

Mimi nikamwita tena, ili nihakikishe. Akageuka. Nikajificha nyuma ya pazia nikamwita kwa sauti ndogo, akalitazama pazia. Nikaenda upande wa pili wa kitanda, nikamwita kutoka huko, na kila mara aliitika, akinitafuta kwa bidii, akinipata, akifurahi upya kama vile hakuwa amenipata sasa hivi, mpaka Mama akanisukuma taratibu kwa mguu wake.

"Achana na yeye sasa," akasema. "Amesikia. Wacha anyonye."